Mshahara wa tarehe 30 unaoingia tarehe 22: hesabuni siku kabla ya kugoma

Swali: Habari za kazi, mshauri. Mimi ni mwalimu wa Kemia katika sekondari binafsi pembezoni mwa Dar es Salaam. Nina mwaka wa pili hapa. Mkataba unasema mshahara ni tarehe 30 ya kila mwezi, lakini tangu mwaka jana haujawahi kufika siku hiyo. Wa Machi tulipewa nusu, nyingine tukaambiwa itakuja mwisho wa muhula. Mpaka leo kimya. Wa Mei ulitoka Juni 19. Wa Juni tumepata nusu, Julai 22. Wa Julai hatujauona na leo ni Agosti 14. Mkurugenzi anasema wazazi hawajalipa ada, tuvumilie, sisi ni familia. Mwenzetu aliyeuliza kikaoni akajibiwa kwamba mlango uko wazi. Walimu wengi wanataka tusiingie darasani, maana kidato cha nne wana mtihani Novemba na hapo ndipo mkurugenzi atashika adabu. Wengine wanataka kuandika barua ya kuacha kazi. Wapishi na mlinzi hawana hata mkataba. Tufanye nini?

Jibu: Mwalimu, kabla ya mambo mengine andika tarehe hii mahali utakapoiona kila siku: Agosti 29. Hiyo ni siku ya 60 tangu Juni 30, siku ambayo mshahara wenu wa Juni ulipaswa kuwa mikononi mwenu. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi, yaani Tangazo la Serikali Na. 64 la mwaka 2007, zinataka mgogoro wa kazi usiohusu kuachishwa kazi ufikishwe kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, hiyo tuliyozoea kuiita CMA, ndani ya siku 60 tangu ulipozuka. Nusu ya Juni mnayodai imebakiza siku 15. Mshahara wa Julai una nafasi hadi Septemba 28. Nusu ya Machi ilishapitwa Mei 29, na hiyo nitairudia huko mbele kwa sababu haijafa, ila inaumwa.

Nimeanza na kalenda kwa sababu wafanyakazi wengi hulihesabu deni la mshahara kama deni la dukani kwa Mangi: linaandikwa kwenye daftari, linalimbikizwa, siku moja linalipwa lote. Sheria yetu ya kazi haihesabu hivyo. Kila mwezi una saa yake, na saa hiyo inaanza kugonga siku ya malipo ikipita bila malipo. Unaweza kuja na hoja kwamba mgogoro ulizuka siku mkurugenzi alipokataa, si siku mshahara ulipochelewa, na kuna mazingira ambamo hoja hiyo inasimama. Lakini kwa nini uanze shauri kwa kubishania siku wakati bado unazo? Na "tuvumilie, tunaongea" haisaidii. Mahakama zetu zimeshasema mara kwa mara kwamba mazungumzo ya pande mbili hayasimamishi muda wa kufungua shauri. Mwajiri anayewaita kikaoni kila mwisho wa mwezi akawapa matumaini anaweza kuwa mtu mwema kabisa, saa haimjali.

Sasa haki yenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 27 kama ilivyotungwa, inamtaka mwajiri alipe mshahara siku ya malipo mliyokubaliana, na malipo hayo yaambatane na maelezo ya maandishi yanayoonyesha hesabu ilivyofikiwa. Ile slipu ya mshahara ambayo shule nyingi huitoa pale tu mtu anapoomba mkopo benki ni wajibu wa kila malipo. Siku ya malipo mliyokubaliana ni tarehe 30. Kifungu hakisemi "ada ikiingia". Biashara ni ya mkurugenzi, faida ikija ni yake, na hasara ya mzazi asiyelipa nayo ni yake. Ninyi hamkuingia ubia naye, mliingia ajira.

Hata hivyo sitaki nikufanye uamini kwamba kila mwajiri anayechelewesha ni mwizi. Shule binafsi nyingi kweli huishi kwa awamu za ada, na kati ya awamu moja na nyingine huwa kuna miezi mikavu. Kuna maswali mawili huwa ninayatumia kupima. Je, anapochelewesha anachelewesha kwa wote, pamoja na nduguye wa ofisi ya uhasibu, au kuna wanaolipwa kimya kimya? Na je, anatoa tarehe na kuitimiza, au anatoa tarehe kama mtu anayefukuza nzi? Kama kati ya Machi na leo kosta jipya la njano limeingia getini, una jibu la tatu ambalo halihitaji swali.

Tofauti hii haibadilishi haki yenu hata kidogo. Inabadilisha namna ya kuidai: mwenye ukata wa kweli mtapatana naye meza ya usuluhishi mapema, na asiye nao atasubiri aone kama mna msimamo.

Kuhusu kutoingia darasani, hapa nitasema wazi kwa sababu najua hasira iliyopo chumba cha walimu: msifanye. Mgomo ni haki halali Tanzania, lakini sheria imeutengea uwanja wake. Inatofautisha mgogoro wa maslahi, kwa mfano mnataka mshahara upandishwe, na lalamiko, yaani mgogoro unaotokana na mkataba au sheria iliyopo. Kwa mgogoro wa maslahi mnaweza kugoma, baada ya usuluhishi kushindikana, kupiga kura na kutoa notisi ya saa 48. Kwa lalamiko, kugoma kumekatazwa, kwa sababu lalamiko lina mwamuzi wake. Mshahara uliocheleweshwa ni lalamiko la wazi kuliko yote. Kwa hiyo siku mtakayokaa nje ya darasa, mtu ambaye leo ndiye mvunja sheria atageuka kuwa mlalamikaji, na ninyi wenye haki mtageuka watoro kazini. Atawaandikia barua za nidhamu, na safari hii atakuwa na hoja. Nimeona kundi la wafanyakazi likiingia kwenye usuluhishi na madai safi ya miezi mitatu, likatoka linajitetea kwa siku mbili za kutokwenda kazini. Wanafunzi wa kidato cha nne nao hawadaiwi na ninyi.

Kuacha kazi ni jambo gumu zaidi, kwa sababu kuna mlango wa sheria pale, lakini ni mwembamba. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuandika barua ya kuacha kazi mwenyewe na bado ikahesabiwa kuwa ameachishwa, endapo mwajiri ameifanya ajira isivumilike. Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinaongeza sharti ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa: mfanyakazi aliyetendewa isivyo haki awe kwanza ametumia njia zilizopo za kuwasilisha malalamiko, isipokuwa awe na sababu nzuri ya kutofanya hivyo. Kwa Kiswahili cha nyumbani: usiondoke kabla hujalalamika kwa maandishi. Anayefunga begi Ijumaa bila barua hata moja ya malalamiko nyuma yake ameacha kazi, basi.

Halafu kuna barua zenyewe. Sisi Watanzania tumefundishwa adabu, na barua zetu za kuacha kazi zinasomeka kama hotuba ya kuagana: "Kwa sababu binafsi naomba kuacha kazi, nashukuru kwa ushirikiano wa miaka yote, Mungu aibariki shule yetu." Miezi miwili baadaye mtu huyo huyo anakuja kusema alilazimishwa. Msuluhishi anamsomea barua yake. Ukifika mahali huwezi tena kubaki, sema kwenye barua kinachokuondoa: mishahara ya miezi fulani haijalipwa, uliandika barua za tarehe fulani na fulani, hukujibiwa, huwezi kumudu kuendelea. Baada ya hapo una siku 30, si 60, kwa kuwa sasa mgogoro unahusu kuisha kwa ajira. Na mwenye chini ya miezi sita kazini asitegemee njia hii kabisa, maana ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo halali haumfikii. Wewe wa mwaka wa pili unafikiwa. Kuna jambo jingine dogo lenye uzito: fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haliwahusu wanaoacha kazi kwa hiari, kwa hiyo barua ya "sababu binafsi" inaweza kukunyima hata hilo.

Ushauri wangu basi ni kwamba mbaki kazini, mfundishe, na mdai kwa karatasi.

Karatasi ya kwanza ni barua ya malalamiko, na iende wiki hii. Iwe moja ya wote, yenye majina na sahihi. Msiandike riwaya. Mimi ningeandika hivi:

"Sisi wafanyakazi tuliosaini hapa chini tunaleta malalamiko kuhusu kutolipwa mishahara kwa tarehe ya mkataba. Kwa mujibu wa mikataba yetu mshahara hulipwa tarehe 30 ya kila mwezi. Hadi leo, Agosti 14, tunadai nusu ya mshahara wa Machi, nusu ya mshahara wa Juni na mshahara wote wa Julai, kama jedwali lililoambatishwa linavyoonyesha kwa kila mmoja. Tunaomba malipo hayo yafanyike ifikapo Agosti 21, na tupewe kwa maandishi uthibitisho wa tarehe ya malipo kwa miezi ijayo. Tunaendelea na kazi kama kawaida. Barua hii haiondoi haki yetu ya kufikisha suala hili kwenye vyombo vya kisheria."

Sentensi ya "tunaendelea na kazi kama kawaida" msiifute. Ni fupi lakini inafunga mlango wa kusema mligoma. Ipelekeni ofisini kwa dispachi, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Katibu muhtasi akikataa kupokea, ipigeni picha na kuituma kwa mkurugenzi kwa WhatsApp au barua pepe mbele ya mashahidi wawili. Ujumbe wa kielektroniki unakubalika kuwa ushahidi. Msisubiri jibu kupita Agosti 21. Siku nane za pengo kati ya hapo na Agosti 29 nimewawekea kwa makusudi.

Wakati barua inasubiri, kila mmoja akachukue taarifa ya akaunti yake benki kuanzia mwaka jana. Hakuna ushahidi mzuri kuliko huo: tarehe ziko pale, zimechapwa na mtu asiye na ugomvi nanyi. Wanaolipwa kwa simu waombe taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, jumbe zikifutika hasara ni yenu. Hifadhini na zile meseji za kundi la shule ambazo mkurugenzi anasema "mshahara wa Juni tutamalizia wiki ijayo". Yeye anadhani anatuliza watu. Kwa kweli anakiri deni kwa maandishi. Ila msichukue faili za uhasibu za shule wala kupiga picha nyaraka za ofisi msizoruhusiwa kuziona. Hamzihitaji, na zitawatia matatani.

Jambo moja hapa naomba ulikazie kwa wenzako. Mwajiri aliyebanwa huleta karatasi ya kusaini. Wakati mwingine ni nzuri, ina tarehe na kiasi. Wakati mwingine inasema "tumekubaliana mishahara italipwa kulingana na upatikanaji wa fedha". Hiyo msisaini, hata kama imebeba nusu ya mshahara ndani ya bahasha. Siku ya malipo inaweza kubadilishwa, sheria inaruhusu maelezo ya ajira yarekebishwe kwa kushauriana na mfanyakazi na kumjulisha kwa maandishi. Kama ada huingia kati ya tarehe 5 na 10, si vibaya mkahamia tarehe 10, iandikwe, iheshimiwe. Ila iwe tarehe. Mkilazimika kusaini fomu ya kupokea nusu, andikeni kwa kalamu pembeni: "nimepokea sehemu tu, salio bado nadai."

Agosti 21 ikipita bila malipo, nendeni CMA ya eneo ilipo shule, mchukue Fomu Na. 1 ya kufungua mgogoro. Hakuna ada, na shauri linaendeshwa kwa Kiswahili. Mnaweza kufungua kwa pamoja: mmoja wenu asaini kwa niaba ya wengine, mradi muambatishe orodha ya waliomtuma, majina yanasomeka na kila mtu amesaini mwenyewe. Nakala ya fomu lazima mwajiri aipate kwanza na muwe na uthibitisho kwamba ameipata. Mashauri mengi hukwama hapa, si kwenye sheria nzito, bali kwenye nakala isiyothibitishwa na orodha ambayo nusu ya sahihi zinafanana mwandiko.

Kwenye fomu kuna mahali pa kueleza mnachodai. Wekeni hesabu kamili kwa kila mtu: mwezi, mshahara wa mkataba, kilicholipwa, tarehe kilipolipwa, salio. Mwalimu wa Kemia anajua kuchora jedwali. Msiongeze madai ya kukomoa, fidia ya mamilioni kwa maumivu ya moyo. Madai yaliyovimba humfanya msuluhishi atilie shaka hata yale ya kweli. Dai la mshahara wa mkataba ni la kuhesabika, na nguvu yake ni hiyo.

Usuluhishi unapaswa kumalizika ndani ya siku 30, labda pande mbili zikubali kuongeza. Mnaweza kwenda wenyewe, na wakili, na kiongozi wa chama cha wafanyakazi, au na mwakilishi mliyemchagua. Msikose kufika. Mlalamikaji asipofika shauri linaweza kufutwa, na mwajiri asipofika shauri linaweza kuendelea bila yeye. Ni chumba kidogo, si mahakama. Mara nyingi mkurugenzi anayewaambia mlango uko wazi huwa mtu mwingine kabisa akikaa pale. Atakubali deni, ataomba muda. Mpeni muda, ila makubaliano yaandikwe na kusainiwa mbele ya msuluhishi, yawe na tarehe na kiasi cha kila awamu, na kifungu kwamba akiruka awamu moja salio lote linadaiwa mara moja. Bila kifungu hicho mtakuwa mnafukuzia awamu moja moja kama mnavyofukuzia mishahara sasa.

Isipopatikana suluhu, shauri huenda kwenye uamuzi, ambapo kuna ushahidi na kiapo, na mwisho hutolewa tuzo, yaani uamuzi wa maandishi wa mwamuzi. Tuzo inafunga pande zote. Mwajiri akiikaidi, hukaziwa kupitia Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu kama hukumu yoyote. Anayeona kuna kasoro ana wiki sita za kuomba mahakama hiyo iipitie. Si njia ya haraka, nisikudanganye. Lakini gharama yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, kwani aliyeshindwa hatozwi gharama za mwenzake isipokuwa ameleta shauri la mzaha au la usumbufu tu.

Umeona kwamba CMA inashughulika na deni lililopo. Mshahara wa Mei uliotoka Juni 19 umeshalipwa, hakuna salio la kudai. Sasa ule mwenendo wenyewe, wa kuchelewa kila mwezi, nani anaushika? Huyo ni Ofisa Kazi. Watu humsahau kabisa, wakati Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, imempa mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi, kukagua kumbukumbu za mishahara, kuhoji watu, na akiridhika kwamba sheria inavunjwa, kumpa mwajiri amri ya kutekeleza. Mwajiri asiyekubaliana nayo ana siku 30 za kupinga kwa Kamishna wa Kazi. Akikaa kimya na asitekeleze, Kamishna anaweza kuifikisha Mahakama ya Kazi. Pelekeni nakala ya barua yenu ofisi ya kazi siku ile ile mnayoipeleka kwa mkurugenzi. Ukaguzi una faida ya ziada: Ofisa Kazi haji kwa jina la mwalimu fulani, anakuja kuangalia shule nzima. Kwa mwoga, hiyo ni pumzi.

Ila kuripoti kwa Ofisa Kazi hakusimamishi zile siku 60 za CMA. Fanyeni vyote viwili.

Narudi kwenye nusu ya Machi. Muda wake ulipita Mei 29, kwa hiyo haiwezi kuingizwa kwenye Fomu Na. 1 peke yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Mnatakiwa kuomba kusamehewa ucheleweshaji, kuna fomu yake pale pale CMA, na maombi yaeleze mmechelewa kwa kiasi gani, kwa sababu gani, dai lina nafasi gani ya kufaulu, na mwajiri ataumia vipi yakikubaliwa. "Hatukujua sheria" ni sababu dhaifu. "Mwajiri alituahidi kwa maandishi kwamba atalipa mwisho wa muhula, tukamwamini" ina uzito zaidi, ingawa nimeshakwambia mazungumzo matupu hayatoshi. Tafuteni ile meseji ya ahadi na siku muhula ulipofungwa. Kama hamna maandishi yoyote, msiache nusu ya Machi iburuze Juni na Julai chini. Fungueni Juni na Julai kwa wakati, Machi ifuate kwa maombi yake. Na mezani kwa msuluhishi mnaweza kuitaja bado. Mkurugenzi anayetaka yaishe mara nyingi huiweka ndani ya makubaliano, na hakuna kinachomzuia kulipa deni la kweli kwa sababu tu muda wa kulishtaki umepita.

Kuna kitu hukuuliza nami nitakiuliza: makato yenu yanafika? Mshahara unapoanza kuyumba, michango ya NSSF huwa imeyumba kabla yake, kwa kuwa mfanyakazi haioni. Jumla ya mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwenu haipaswi kuzidi nusu ya huo. Angalieni taarifa zenu NSSF mwezi kwa mwezi. Wenye mikopo ya benki nao waombe taarifa za mkopo. Mwajiri aliyekata rejesho kwenye slipu na hakulipeleka benki yuko pabaya zaidi kuliko aliyechelewesha mshahara, na benki itakukata wewe riba. Katika hali hiyo mwandikie meneja wa tawi mapema, ambatisha nakala ya barua yenu ya malalamiko, omba ratiba isogezwe. Benki huelewana na anayekuja kabla ya kukwama kuliko anayejificha. Wale wa mikopo ya kausha damu hawaelewani na mtu, na ninajua kwamba Julai 22 zilipoingia nusu mishahara kuna walimu pale waliozipeleka zote moja kwa moja kwa kausha damu. Kama shule ina kikoba, huu ndio mwezi wa kukitumia kwa dharura za kodi na chakula, kwa riba nafuu, mpaka fomu ifanye kazi yake.

Kuhusu hofu ya "mlango uko wazi". Sheria inasema waziwazi kwamba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi kwamba ametumia haki aliyopewa na sheria au mkataba, au kwamba ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Akimfukuza mtu kwa sababu ya barua yenu, atakuwa ameongeza shauri la pili, zito kuliko la kwanza. Lakini mwajiri mwerevu hatamfukuza kwa barua, atamtafutia kosa. Kwa hiyo kuanzia leo andalio la somo liwe tayari, daftari la mahudhurio lisainiwe kwa wakati, mitihani isahihishwe. Na mwenye mkataba unaokaribia kuisha ajue kwamba kwake hatari si kufukuzwa, ni kutoongezewa. Huyo asiwe ndiye mwakilishi anayesaini kwa niaba ya wengine. Nafasi hiyo achukue mwenye muda mrefu uliobaki kwenye mkataba.

Kuhusu chama, chagueni kinachogusa sekta yenu. CHODAWU, kwa mfano, imebeba "huduma za jamii" kwenye jina lake, na iko chini ya mwavuli wa TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Faida yake haianzi kwenye shauri hili, itaanza baadaye: chama chenye wanachama wengi kuliko nusu ya wafanyakazi kinaweza kutambuliwa na kujadiliana mkataba wa hiari, yaani makubaliano ya pamoja kati ya chama na mwajiri, na humo ndimo mnaweza kuweka tarehe ya malipo na adhabu ya kuivunja. Msitegemee riba au faini ijitokeze yenyewe kwa sababu tu mshahara umechelewa.

Haya yote ni ya Tanzania Bara na ajira binafsi. Ndugu zenu wa Zanzibar wana Sheria ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005 na vyombo vyao, na mwalimu wa serikali hupitia kwanza ngazi za utumishi wa umma.

Wamebaki wapishi na mlinzi. Kutokuwa na mkataba wa maandishi hakuwaondolei chochote, kwa sababu kuwapa maelezo ya ajira kwa maandishi ulikuwa wajibu wa mkurugenzi, na shauri likifika mbele ya mwamuzi bila maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti ya ajira humwangukia yeye. Mpishi akisema "tulipatana laki mbili na nusu, kila tarehe 30", ni kazi ya shule kuonyesha vinginevyo. Watafutieni mashahidi wa mambo madogo: nani aliwaajiri, tangu lini wanapika, hulipwa mkononi na nani, kuna daftari gani wanalosaini. Kama mpishi hajui kusoma, asomewe barua nzima kabla ya kuweka dole gumba, na aliyemsomea aandike jina lake pembeni. Kisha majina yao yaingie kwenye orodha ile ile ya walimu, si kwenye karatasi ya pili.